Hiasinti za Mama Vyungu

Mara ya kwanza Mama Vyungu alipoingia karakana ya Fundi Baridi, hakuleta friji mbovu. Alitaka kukodi nzima.

"Ya kuweka nini?"

"Vitunguu."

"Vitunguu si hukaa jikoni, mama?"

"Hivi ni vya maua, fundi. Hiasinti. Visipolala baridini na gizani kama miezi mitatu, utavuna majani matupu."

Fundi alimpima kwa macho. Mwanamke huyu alikuwa amesomesha wanawe kwa kuuza miche mlango kwa mlango. Sasa alilenga juu: meneja wa hoteli ya jirani alikuwa amemwambia hiasinti hazichanui katika joto la mji ule; zikichanua, kazi ya kupamba kaunta ya mapokezi ni yake. Zikigoma, inakwenda kwa muuza maua ya plastiki.

Walivutana mpaka chai ikapoa. Fundi alitaka nusu ya vyungu vitakavyochanua, viwe kodi ya friji.

"Nusu? Umevizaa wewe?"

Wakakubaliana chungu kimoja, cha kuweka dirishani mwa karakana, kivute wateja. Naye fundi asiweke tunda ndani ya friji ile, maana hewa ya tunda linaloiva huliua ua lingali tumboni mwa kitunguu.

Fundi alishika ahadi mpaka asubuhi moja alipoletewa matofaa. Asubuhi hiyo hiyo Mama Vyungu akaja kukagua, akafungua mlango, akanusa.

"Baba, hii nini?"

"Mawili tu, na nimeyafunga kwenye mfuko!"

"Ungeyafunga tumboni!"

Akayatoa, akayala yote mawili mbele yake huku akipangusa friji.

Miezi mitatu ilipotimia na vitunguu kuchipua, Mama Vyungu hakuvikimbiza juani. Vingine alivipanda bustanini, kwenye kivuli cha ukuta. Vya vyunguni, ndani ya nyumba, alivivika kofia za karatasi kuvikinga na mwanga mpaka vikarefuka shingo.

Vilipochanua, akavibeba hadi hotelini pamoja na fundi; harufu ilifika kauntani kabla yao. Meneja alifinya petali, akitafuta plastiki. Akakosa.

"Haya, kaunta yako."

"Na meza za chumba cha chakula?"

Meneja alinusa tena. Akampa na hizo.

"Na huyu ndiye aliyenitunzia baridi," Mama Vyungu akaongeza, akimsukuma fundi mbele. "Majokofu yenu yanavuja maji, nimeyaona."

Hivyo Mama Vyungu akaondoka na hoteli nzima ya kupamba. Fundi Baridi akapata chungu cha hiasinti za rangi ya zambarau na kazi ya kutengeneza majokofu ya hoteli. Alichopoteza ni usingizi wa mchana, na hajaupata tena.