Fundi Aliyekataa Matundu

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini na moja hakuna tundu lililomshinda. Namjua vizuri, maana cherehani yake ya kwanza niliibeba mimi begani, kutoka dukani mpaka chumbani kwake, bila kupumzika. Yeye husema nilipumzika mara nne na soda nikanunuliwa. Tusibishane kwa mambo ya zamani.

Chumba chake cha kazi ni chembamba kama mfuko wa shati. Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jirani. Nguo zinazosubiri wenyewe zimening'inia kwenye kamba, na yeye yuko katikati, chaki sikioni, pini tatu mdomoni. Watu humdhania mpole. Si mpole hata kidogo, ni pini.

Mumewe alipofariki na binti yake akaolewa mbali, nyumba ikanyamaza. Siku moja niliingia nikamkuta anaigombeza cherehani.

"Nimekuambia mara ngapi usinikatie uzi? Mara ngapi?"

"Unaongea na nani, Fundi?" nikamuuliza.

"Na huyu. Wewe kaka yangu unakuja ukiwa na njaa tu."

Nilicheka, lakini kitu kikanichoma.

Basi akaja mama mmoja kushonewa kiraka kwenye suruali ya kazi. Ndiye msimamizi wa shamba la ushirika lililo nje kidogo ya mji, wote humwita Bibi Shamba. Siku ya kuchukua suruali alileta fungu la spinachi lililofungwa gazetini, shukrani. Mdogo wangu alilifungua, akanyanyua jani moja, akaliona lilivyotobolewa.

"Mama, hii imeliwa."

"Imeliwa kwa sababu inalika," akajibu Bibi Shamba.

Akamweleza. Shamba halitiwi sumu wala mbolea ya dukani. Lina kaya arobaini. Kila kaya huchangia mwanzo wa msimu, humtuma mtu mmoja kufanya kazi asubuhi ya kila Jumamosi, na kila wiki hupata kapu la kile ambacho ardhi imetoa. Ikitoa karoti, mnakula karoti. Ikigoma, mnagoma wote. Anayetaka kujiunga hujaribiwa miezi mitatu, kisha wanachama hupitisha kopo: anayemtaka hutia haragwe, asiyemtaka hutia kokoto.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alivaa mabuti ya marehemu mumewe, akayajazia vipande vya kitambaa kwenye ncha, akaenda.

Nisiwafiche, alibadilika. Mwanamke aliyekuwa akiosha mikono kabla ya kushika hata uzi alirudi na udongo kwenye kucha, anasimulia. Panzi kafanya hivi, jirani wa tuta la pili kasema vile, Mwalimu mstaafu kakanyaga miche ya vitunguu akaisingizia mvua. Nikamwambia, "Siku hizi unaongea kama redio." Akasema, "Kule sina pini mdomoni, Kaka." Nikajua kwamba kopo lile likijaa kokoto, ataturudia yule wa kugombana na mashine.

Wiki moja kabla ya kupigiwa kura ikafika zamu yake ya kufungasha makapu. Nami nilikuwepo, nimekwenda kumpa ushauri. Sikuitwa, lakini mtu mwenye akili hangoji kuitwa. Bibi Shamba alikuwa kisimani akihangaika na pampu. Mbele yetu, bandani, palikuwa na rundo la spinachi na mchicha, na mdogo wangu anayageuza majani kwa uso wa mtu aliyeletewa shati lenye doa.

"Yana matundu," akasema.

"Wewe Fundi, unaweza kumkabidhi mteja gauni lenye tundu?"

"Siwezi. Lakini Bibi Shamba alisema..."

"Bibi Shamba ni mkulima. Wewe ni fundi."

Hapo nikawa nimemmaliza. Akalipeleka jani la kwanza kwenye mwanga wa mlango, kama anavyokagua kitambaa. Lina tundu, likaenda kwenye toroli. La pili, toroli. Mimi nilisukuma mizigo mitatu mpaka kwenye lundo la mboji, nikaizika ndani ya samadi mbichi kwa ustadi ambao hata leo najisifia. Hakuna jani ambalo lingeweza kufufuliwa.

Bibi Shamba aliporudi alitazama makapu, akakamata jani moja, akajaribu kulikunja. Halikukunjika.

"Mboga nyingine iko wapi?"

"Tumechambua," nikasema. "Tumebakiza safi."

"Mmebakiza majani yaliyokomaa, yaliyowashinda viwavi," akasema taratibu. "Kiwavi si mjinga, Bwana. Anakula laini."

Makapu yakaondoka hivyo hivyo, nusu matupu.

Jumamosi ya kura wanachama walikaa kwenye mabenchi bandani. Mwalimu mstaafu, yule wa vitunguu, akasimama wa kwanza.

"Mimi nimechemsha ule mchicha tangu saa nne mpaka saa saba. Gesi imeisha, mchicha upo. Nauliza tu, nani alimfundisha Fundi kazi ile?"

Mdogo wangu alisimama mikono ameifumbata. Mdomoni alikuwa na pini. Sijui aliitoa wapi, nadhani kwenye ukosi, kwa mazoea ya woga. Akatikisa kichwa. Hakunitaja.

Nikatazama viatu vyangu. Viatu vizuri, nilivisafisha mwenyewe. Lakini havikuwa na jibu. Nikasimama.

"Kosa ni langu," nikasema. "Na kwa ukubwa wake, halingeweza kuwa la mtu mwingine."

"Wewe ni mwanachama?" akauliza Bibi Shamba.

"Mimi ni mshauri."

"Wa nani?"

Benchi zima likacheka. Mdogo wangu akaitoa pini mdomoni.

"Kaka alisema, lakini mikono ilikuwa yangu. Nimezoea nguo yenye tundu hurudishwa, nikaona haya kwa niaba ya shamba. Nisameheni. Ila naomba mnibakize. Nyumbani huwa naongea na cherehani."

Mwalimu akakaa, akavua miwani.

"Na huwa inajibu?"

"Inajibu, Mwalimu. Ina mdomo mchafu."

Kopo likapita. Kila mkono ulioingia, mimi nilikuwa nasikiliza: haragwe huanguka kwa sauti ya chini, kokoto hulia. Nilisikia mlio mara moja tu, kwenye benchi la Mwalimu. Bibi Shamba akamimina mezani. Maharagwe lundo zima, na kokoto moja katikati kama jino bovu.

Mdogo wangu alimtazama Mwalimu.

"Usinitazame hivyo, Fundi," akasema Mwalimu. "Haragwe lako nimetia. Hilo kokoto ni la kaka yako."

Wakakubaliana papo hapo kwamba mshauri ana deni na mboji, na kwamba ataigeuza kwa uma kila Jumamosi mpaka samadi yote niliyoizikia mboga iwe udongo. Ni mwezi wa tano sasa, na kwa jasho hilo nami hupewa kapu dogo. Mikono imekomaa, na sijisifu nikisema hakuna mboji inayogeuzwa vizuri kama ile.

Zamu ya kufungasha ikimfikia, mdogo wangu bado hulipeleka kila jani kwenye mwanga wa mlango. Juzi nilimwona akilishika jani moja la spinachi lililotobolewa kama chujio. Akanitafuta kwa jicho kupitia tundu lake, akanipata kule kwenye lundo, nimeegemea uma.

"Pumzika tu, kama siku ile ya cherehani," akaniambia. Kisha akalitia kwenye kapu langu.