Ukoga wa Mama Pélagie

Claudine angevumilia mengi kwa mama mkwe wake: maneno mengi, ugoro, hata ile tabia ya kufunua vyungu vya watu. Lakini kinywa cha Mama Pélagie, hapana. Kila mchana, nyumbani kwao kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli pale Albertville kando ya ziwa, mama huyo alimega kipande cha mukebuka wa moshi, samaki wa ziwani, akakitafuna pole pole pamoja na bukari, ule ugali wao, mpaka kikalainika kabisa, akakitema kwenye vidole na kumtia mjukuu wake Elisabeth mdomoni. Mtoto alimeza, akapanua mdomo tena. Claudine aligeukia ukuta.

Si kutafuniwa kulikomkera. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, na nani hakulelewa hivyo upande ule wa ziwa? Ni yale meno. Yalivaa ukoga wa kahawia, mgumu kama ukoko wa sufuria, umeziba nafasi zote mpaka meno ya chini yakaonekana kama jino moja pana. Na harufu yake, usiombe ikukute asubuhi.

Amwambie nani? Huwezi kumwambia mama wa mume wako kwamba ananuka. Alimnong'oneza mumewe Barthélemy, fundi wa mabehewa, naye akacheka tu. "Mimi nililishwa na kinywa kile kile, na niko muzima."

Basi Claudine akatunga uongo. Alimpitia mwuguzi Urbain pale dispensari, maana ndiye aliyebaki akisafisha meno ya watu tangu daktari Mbelgiji afunge sanduku lake baada ya uhuru, akamweleza shida yake yote. Kesho yake akamwambia mama mkwe kwamba jino linamuuma, amsindikize. Walipofika, Urbain akasogeza kiti.

"Wakubwa kwanza, Mama. Kaa."

Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi wakitazama. Mama Pélagie akaona haya kukataa, akakaa.

"Lakini usiguse hii," alisema, akionyesha ukoga kwa kidole. "Hii njo inashikilia meno. Ukiitoa, yote yataanguka."

"Meno yanashikwa na ufizi na mufupa, Mama. Hii inakula ufizi. Njo maana yanacheza."

Akampa Claudine beseni. Chuma kikaanza kukwaruza. Vipande vikaanguka kimoja kimoja pamoja na mate mazito na damu, na harufu ikapanda kama ya samaki waliosahauliwa ndani ya gunia. Claudine alibana pumzi, machozi yakamtoka. Lakini tuseme ukweli, alifurahi pia. Moyoni alikwisha kumnyang'anya bibi kazi: kuanzia leo mtoto nitamtafunia mimi.

Mama Pélagie akapitisha ulimi mdomoni. "Mumeniibia meno."

"Yote yamo, Mama. Hizo nafasi ni zako tangu zamani, uchafu njo ulikuwa umepanga humo." Akamwambia apige mswaki kila siku hata kama ufizi unatoka damu, maana unatoka damu kwa sababu unaumwa, na arudi baada ya miezi michache, kwa kuwa ukoga ukishakuwa mgumu mswaki hauubandui.

Mama Pélagie aliitazama ile beseni. "Hii njo nilikuwa nampa mutoto?"

"Haya, Mama Elisabeth," akasema Urbain, "ulisema jino linauma."

"Limeacha."

"Kaa."

Claudine akakaa bila wasiwasi, kwani meno yake ya mbele yalikuwa meupe na alipiga mswaki kwa dawa ya dukani. Urbain akaingiza kioo kidogo nyuma ya meno ya chini. "Mbele unasafisha kwa ajili ya watu. Na huku nyuma?"

Safari hii beseni ilishikwa na Mama Pélagie. Kipande cha kwanza kikamwangukia Claudine juu ya ulimi, kina ladha ya kutu na uozo. Alipoinama kutema aliviona vyake vikitua juu ya vya mama mkwe, kahawia juu ya kahawia, na hakuna mtu ambaye angeweza kuvitenganisha.

Nyumbani, Mama Pélagie alikwenda moja kwa moja kwa jirani kuazima kinu kidogo, akaanza kumtwanga samaki wa mtoto. Claudine akachota kwa kijiko, akalamba kuonja chumvi, akampelekea mtoto kijiko kile kile. Mama Pélagie akamshika mkono.

"Osha kijiko kwanza," alisema. "Ile beseni yako niliishika mimi, nikaona."