Tembo wa Lionja na Debe la Somoe

Niliondoka kambini Nachingwea asubuhi moja kwa sababu matrekta yalikuwa yamenyamaza. Sina sababu kubwa kuliko hiyo. Ninyi mliobaki Songea mnanijua: niliacha shule darasa la pili kwa kuwa dirisha letu lilitazama barabara, na tangu hapo kila barabara nikiiona nataka kujua inaishia wapi. Nilikuwa nimeng'oa visiki miaka miwili katika mashamba ya karanga ya Wazungu. Sasa kazi ilikuwa imepungua na watu wanaondoka makundi kwa makundi. Nikafunga blanketi, sufuria na kisu, nikatoka bila kumuaga mtu isipokuwa mpishi. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nitamjulisha nikifika.

Saa mbili hivi, nje kidogo ya mji, Landrova ilisimama ubavuni mwangu. Mbele walikaa Mzungu na mkewe. Nyuma, juu ya mahema na masanduku, walikaa wapagazi wawili na mtu mwembamba wa makamo aliyekumbatia gobore la zamani. Bwana yule aliniuliza kama najua Kiingereza. Kiingereza changu ni cha trekta: mbele, nyuma, simama, vuta hapa. Nikajibu kwamba nakijua, na ndivyo nilivyopata kazi ya ukalimani kabla jua halijawa kali.

Habari yao ilikuwa hivi. Bwana alikuwa fundi wa mitambo kule kwenye karanga, na mwezi uliofuata walikuwa wanarudi Ulaya. Mkewe alikataa kurudi akamwambie mama yake kwamba ameishi Afrika miaka miwili akaona matrekta tu. Basi wakamwajiri yule mwenye gobore, Athumani, aliyesifiwa kote kwa kufuata nyayo, awapeleke Lionja wakawaone tembo. Hawakutaka kuua. Walitaka kupiga picha.

"Wewe kabila gani?" Athumani aliniuliza nilipopanda.

"Mngoni."

Uso wake ukakunjuka. "Mimi Mmwera. Jamani, tumeokota mtani njiani." Akaninyang'anya blanketi langu, akalikunja, akalikalia. "Babu yako alichukua mbuzi wa babu yangu. Nitalikalia hili mpaka Lionja."

Wapagazi wakacheka, nami nikacheka. Mnajua utani wetu na Wamwera: wazee walipigana, wajukuu wanachukuliana mablanketi, na hakuna ruhusa ya kununa.

Ruponda tulifika mchana. Tulisimama kununua kuku, na watu wakaja kutazama gari. Mama mmoja mwenye ungo wa ufuta alitaka kujua Wazungu wanakwenda wapi. Nikamweleza kwamba wamelipa ili waonyeshwe tembo.

"Wanamlipa nani?" akauliza. "Tembo?"

"Hapana, mama. Wanamlipa huyu Athumani."

Akamtazama Athumani juu mpaka chini. "Wangekuja tu kwangu wakakaa. Mwaka jana walinijia watano, sikuwaita."

Bibi wa Kizungu, aliyekuwa na Kiswahili cha jikoni, akaniuliza yule mama amesema nini. Nikamwambia anawatakia safari njema.

Lionja tulilala kando ya kijiji. Kulipokucha, kabla hatujaingia porini, Athumani alitupeleka kwenye mti mmoja, akapiga goti na kumimina unga wa mtama shinani taratibu, kwa kiganja, mpaka ukawa kilima kidogo chenye ncha. Akawataja wazee wake waliokuwa wawindaji. Kilima kile kikisimama bila kuporomoka, njia ni njema. Kilisimama. Bwana akakipiga picha.

"Sasa mambo yako mikononi mwa mke wangu," Athumani alisema, akipangusa magoti.

Nikamuuliza mkewe anaingiaje, maana mke huyo alikuwa nyumbani kwao, mbali, karibu na Ruangwa. Akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto. Mfuata tembo akiwa porini, mkewe hukaa ndani na kutulia. Hatoki ovyo, hapigi kelele, hagombani na mtu. Akivunja mwiko huo, tembo humkimbia mume, au humgeukia. Mkewe aliitwa Somoe, wameoana miaka sita, na hajawahi kumharibia safari hata moja.

Siku ya kwanza tulitembea tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Tuliona kanga wengi, nyani waliotukalia mtini na kutuzungumzia, na mwiba wa nungu ambao Bibi aliuchomeka kwenye kofia. Tembo tulikuta kinyesi chake, kikavu, chenye umri wa wiki nzima. Bwana akakipiga picha tatu. Athumani alikivunja kwa fimbo, akatazama ndani, akasema walikwenda upande wa mawio.

"Kwenu," nikamwambia.

"Upande wa kwetu," akasema. "Watarudi. Huku kuna maji."

Siku ya pili tulilala kifudifudi kando ya maji hayo asubuhi yote. Bibi alivumilia siafu kwa ushujaa ambao sikuutegemea. Walikuja ngiri wawili, wakanywa, wakatutazama, wakaondoka na mikia juu. Ilipofika saa saba Bwana akaniambia maneno mengi sana, na mimi nikamfasiria Athumani yale niliyoyapata: "Bwana anauliza tembo yuko wapi."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nalisimulia lilivyo. Tulikuwa tumechoka, hakuna aliyekuwa akicheka tena, na nilidhani kazi ya mtani ni kuwachekesha wenzake. Nikasema kwa sauti, wapagazi wakisikia: "Msimsumbue Athumani. Tembo hawana kosa. Ni Somoe tu, yuko nyumbani anacheza ngoma, ametoka na kanga mpya."

Wapagazi hawakucheka. Mmoja wao aligeuka akaanza kufunga mzigo uliokwisha fungwa. Athumani alilitoa lile blanketi langu mgongoni kwake, alikolifunga tangu juzi, akanirudishia. Hapo nikajua nimeharibu, maana mtani wako akikurudishia kitu chako kwa hiari, utani umekwisha.

Jioni nilimfuata alipokuwa anasugua gobore. Nikamwambia yalikuwa maneno ya mchezo tu.

"Mtani hasemi mchezo mtupu," alijibu bila kuniangalia. "Ndugu zangu wakiwa na jambo la aibu wanaloogopa kuniambia, wanamwachia mtani aliseme. Ndiyo kazi ya mtani. Na wewe umelisema porini, siku ambayo tembo wamenikataa."

"Lakini mimi simjui mkeo. Sijafika kwenu hata siku moja."

"Ndiyo maana naogopa zaidi. Nani amekutia maneno hayo kinywani?"

Wengine mtasema ningeapa. Niliapa. Akasema kiapo cha Mngoni babu yake alikijua.

Siku ya tatu tulizunguka kwa miguu, tukarudi pale pale. Athumani aliongoza mbele, akisoma nyayo za juzi kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Mchana, tukivunja kambi, aliniambia jambo moja tu. Kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mke, shamba ni la mke, mume anakuja na mkeka wake. "Nikifika," alisema, "nikisikia alitoka, nachukua mkeka wangu. Nitamwomba Bwana anisubiri kidogo barabarani." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asisikie.

Basi safari ya kurudi ilikuwa na watu wawili waliokata tamaa mbele na mmoja nyuma, na mimi katikati ya mizigo nikijua kwamba wa nyuma nimemkatisha tamaa mimi. Tulipita Ruponda bila kusimama, tukapinda kuelekea kaskazini. Mnero tulisimama karibu na kanisa kuongeza maji kwenye gari. Wanawake walikuwa wamepanga foleni zahanati na watoto wao mgongoni. Bibi alimpa mtoto mmoja ule mwiba wa nungu. Nilitamani nishuke pale pale nishike njia yangu, maana sikuwa na deni la kwenda mbele wala nyuma. Lakini nilitaka kujua. Na zaidi ya hilo, mtu ukiwasha moto katika nyumba ya mwenzio, huwezi kuuliza habari zake kwa wapita njia.

Alasiri, kabla ya Ruangwa, Athumani aligonga bati la gari na Bwana akasimama. Kijiji kilikuwa hatua chache kutoka barabarani. Tukateremka sote, kwa kuwa Bibi alitaka kunyoosha miguu.

Shamba la kwanza tulilolikuta lilikuwa limelala chini. Mtama umekanyagwa, mabua yamevunjwa kiunoni, maboga yamepasuliwa na mbegu zimetapakaa. Na katikati ya matuta kulikuwa na nyayo za duara, pana kama ungo, moja baada ya nyingine mpaka karibu na ukuta wa nyumba. Athumani alisimama juu ya mojawapo. Nilimwona anaisoma, na nilimwona anakataa kuamini alichosoma.

Mwanamke alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa mfupi, kanga imefungwa kifuani kwa ajili ya kazi, na mkononi ameshika debe lililobonyea pande zote.

"Umerudi," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka, ilitoka kama mchanga.

"Sauti imefanya nini?" Athumani akauliza.

"Imekwisha."

"Ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Ulitoka nje?"

"Athumani, tazama shamba kwanza, kisha uniulize." Akaweka debe chini. "Siku ya kwanza walikuja kunapambazuka, wanne. Nilikaa ndani nimeshika mdomo kama ulivyoniagiza. Niliwasikia wanakula maboga moja moja. Waliyamaliza. Siku ya pili wakaja tena, wakaanza mtama. Nikatoka na debe."

"Ukawapigia."

"Nikawatukana. Yule mkubwa nilimtukana na mama yake. Na leo tena."

Wapagazi walitazama chini. Hakutoka ovyo tu: alitoka, alipiga kelele, na aligombana. Miiko yote mitatu, asubuhi moja. Athumani aliingia ndani, na alipotoka alikuwa na mkeka umeviringwa chini ya kwapa. Somoe aliutazama mkeka, kisha akamtazama yeye. Hakulia. Alisema kwa sauti ile iliyokauka, "Kwa hiyo ningewaacha, tungekula nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya Bwana, aliyeniuliza nini kinaendelea. Kwa mara ya kwanza tangu wanichukue, sikumfasiria kitu. Nilikwenda nikasimama kati ya Athumani na barabara.

"Mtani," nikasema, "kabla hujaondoka nihesabie siku. Siku ya kwanza Somoe alikaa ndani, kimya?"

"Amesema hivyo."

"Na sisi siku ya kwanza tuliona nini?"

"Kinyesi," akajibu mpagazi mmoja.

"Kinyesi. Kwa hiyo mke kashika mwiko, na tembo hatukuwaona. Walikuwa wapi? Hapa. Somoe katulia ndani, na tembo wanne wametembea mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya Athumani kumtafuta Athumani. Mwiko umefanya kazi kuliko ulivyowahi kufanya. Aliyekosekana ni mwenyewe. Alikuwa Lionja, ameinama, anawaonyesha Wazungu kinyesi." Nikashusha pumzi. "Na lile neno la ngoma nililitoa kichwani mwangu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na njaa na nilitaka mcheke."

Athumani alitazama nyayo, akazifuata kwa macho mpaka ukutani, hatua kwa hatua, kwa uangalifu ule ule wa porini. Zilifika mlangoni kwake. Hakuna mfuata nyayo anayeweza kubishana na nyayo. Mabega yake yalianza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nilipoona meno.

"Wamekuja kubisha hodi," alisema.

"Wamebisha siku tatu," Somoe akasema. "Mimi ndiye nimechoka kuwaambia hujarudi."

Bibi wa Kizungu hakuhitaji ukalimani. Alikuwa ameona nyayo. Akamwomba Somoe, kwa mikono zaidi kuliko maneno, asimame ndani ya unyayo mmoja. Somoe akasimama, miguu yote miwili ikaenea na nafasi ikabaki, akashika debe lake mbele kama cheti. Bwana akapiga picha. Akasema hii ndiyo watakayomwonyesha mama mkwe. Wakamlipa Athumani ujira wake wote bila kunung'unika, wakatuaga, wakaenda zao Ruangwa kabla jua halijazama. Waliniita nipande. Nikasema nimefika, ingawa sikujua nimefika wapi.

Jioni nilibisha hodi kwa adabu na kuomba pa kulala. Athumani alikuwa ametandika mkeka wake mahali pake. Somoe alinitazama kwa muda mrefu.

"Ni wewe uliyenichezesha ngoma?"

"Ni mimi, shemeji."

"Na kanga mpya ulininunulia?"

"Hapana, shemeji."

Akaingia ndani, akatoka na lile debe, akanipa. Akanyoosha kidole shambani, kwenye dungu la kulindia mtama, limesimama juu ya nguzo nne na paa la nyasi. "Pale kuna kitanda cha kamba. Hakuna kunguni. Ulikuja kutafuta tembo, watakuja wenyewe kunapambazuka, nawe utawaona bila kulipa. Mimi nitakaa ndani, kimya, sigombani na mtu."

"Na wasipokuja?" nikauliza.

"Una mke huko Songea?"

"Sina."

"Basi utakuwa huna wa kumsingizia," akasema, akafunga mlango.

Nikapanda dungu. Blanketi sikuwa nalo, Athumani alikuwa amelichukua tena.