Majibu Kumi ya Mwalimu Mwanatumu

Mwalimu Mwanatumu wa kisiwa cha Koyama alifundisha Kurani chuoni kwake barazani miaka ishirini bila kuulizwa na mtu watoto wake wanajua nini. Kila mmoja alikwenda mwendo wake: mwepesi akiruka juzuu, mzito akiachwa na alifu yake mpaka wazoeane. Watu walimwita mwalimu hodari, naye hakubishana nao.

Basi miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, wazee fulani wa Kismayu waliamua vyuo vya visiwani vipimwe kwa mtihani mmoja, maswali kumi yale yale kila mahali. Chuo cha kwanza kingepewa gunia la tende. Aliyetumwa kuuliza alikuwa Sharif Abdulkadiri, mtu mpole mwenye saa ya mfukoni. Mwaka ule kisiwa cha Chula walikuwa wa kwanza, na Koyama wa nne. Vyuo vilikuwa vinne.

Mwanatumu alisema hajali. Alisema hivyo kisimani, akasema arusini, akasema hata matangani, mpaka kisiwa kizima kikajua anajali sana.

Kisha akapata habari kuwa Sharif hakuwa na karatasi nyingine ya maswali. Mwaka ujao angerudi na ile ile. Akawauliza watoto waliulizwa nini, akatunga majibu kumi, na kuanzia hapo hakukusomwa kingine. Asubuhi kumi, alasiri kumi. Kulthumu, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyependa kuuliza kila neno linasomwaje, akaambiwa, "Hilo halimo, mwanangu. Endelea na la tano."

Sharif aliporudi, watoto walimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Koyama wakawa wa kwanza, na tende zikaliwa kwa muda wa wiki nzima.

Zilikuwa hazijaisha wakati Mashavu, jirani wa mwalimu, alipoleta barua ya mumewe kutoka Mombasa ili asomewe. Mwanatumu, kwa majivuno, hakuisoma mwenyewe. Alimpa Kulthumu mbele ya watu. Msichana akasoma salamu vizuri, kwa kuwa salamu za barua zote ni moja. Halafu akakwama, akatazama juu, akavuta pumzi na kuendelea kwa sauti ya uhakika:

"Nguzo za Uislamu ni tano. Ya kwanza ni shahada."

Mashavu alisikiliza mpaka ya tano. "Mume wangu kaandika hayo?" akauliza. "Mtu ambaye hata kuswali hukumbushwa?"

Watu wakacheka, na Mwanatumu akacheka pamoja nao, mpaka akaona uso wa Kulthumu. Aliichukua barua akaisoma: mume angerudi baada ya Ramadhani, na alitaka paa litazamwe. Kwa mwaka mzima mtoto yule hakuwa amesoma neno jipya hata moja, na aliyemzuia alikuwa mwalimu wake.

Kesho yake wakarudia herufi. Wengine walinung'unika, maana majibu kumi yalikuwa rahisi zaidi.

Mwaka wa tatu Mwanatumu alimwambia Sharif, "Waulize utakalo, ila uwape muda."

"Karatasi ni moja, Mwalimu," alisema Sharif kwa huzuni, akatoa saa yake. Watoto sasa walifikiri kwanza kabla ya kujibu, na saa ikawapita; Koyama wakawa wa nne.

Sharif alipokuwa akinywa kahawa, Kulthumu aliisogelea karatasi iliyolala mkekani, akaipitia polepole kwa kidole.

"Samahani, Sharif," akasema, "hapa kwenye la saba pana neno ambalo herufi yake moja imekosa nukta. Likisomwa hivi swali halina maana."

Sharif akaiinua karibu na macho, akaitazama kwa kitambo. Alikuwa ameisoma miaka mitatu. Akaomba kalamu, akalitia nukta, akamshukuru sana. Lakini maksi hakumwongezea, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuiandika.

Mwanatumu alimsindikiza Sharif hadi mashuani, akamwombea safari njema, na dua ile ilitoka moyoni.