Donge Moja Lililobaki

Julai ya Machakos si ya kuogea maji baridi. Lakini tangu uji wa moto ummwagikie begani mwaka jana, binti yangu wa miaka sita hakutaka kuona mvuke karibu na beseni. Kidonda kilipona, woga ukabaki. Nikileta maji ya uvuguvugu, alipiga mayowe mpaka mtaa wetu wote wa Mumbuni ujue kwamba tunaoga. Basi akawa anaoga maji ya mtungi, meno yakigongana, nami nikimhurumia na kukasirika kwa pamoja.

Ndipo nikasikia habari za madonge ya kuogea, yale yanayotoa povu yenyewe ukiyatia majini. Jumamosi tukatandika gazeti mezani, mimi, yeye na kaka yake. Tulichanganya soda ya kuokea, asidi ya limau ya unga, unga wa mahindi kidogo, mafuta ya nazi, na maganda ya limau tuliyoyakuna. Maji ni ya kunyunyiza kwa ncha za vidole tu, maana ukizidisha, mchanganyiko unaanza kufoka bakulini. Kaka mtu alizidisha, bila shaka. Tulichookoa tukakifinyanga, tukakipanga kwenye trei ya mayai, tukaiweka dirishani jikoni ili madonge yakauke.

Kesho yake akaja mama mkwe kutoka Ndithini. Huyu mama hawezi kukaa nyumba ya mtu bila kuinjika isyo, mahindi na maharagwe yake ya kuchemsha. Maharagwe yakawa magumu, akatafuta magadi ya kuyalainisha, akaona vitu vyeupe dirishani. Akavitia vyote sufuriani, isipokuwa donge moja lililogandia kwenye trei.

Povu likainua kifuniko, likamwagika, likazima jiko.

"Aiya! Hii magadi mlinunua wapi?"

"Susu, hiyo ni ya kuoga!" mjukuu wake wa kike alipiga kelele kutoka mlangoni, mahali aliposimama siku zote jiko likiwaka.

"Ya kuoga, na iko jikoni?"

Mama mkwe hagombezwi, kwa hiyo nilichukua kitambaa nikapangusa jiko. Moyoni nilikuwa nimekata tamaa, maana kazi yote ilikuwa imeishia kwenye maharagwe. Mtoto naye alicheka mpaka akakaa sakafuni. Isyo tuliila, ilikuwa laini na chachu kidogo, na mpishi hakuomba radhi.

Jioni nikamwekea beseni la maji baridi, kama kawaida, naye akalitia lile donge lililobaki. Likatoa vipovu vichache, likatulia chini kama kipande cha sabuni.

"Ya susu ilikuwa inaruka," akalalamika.

"Ya susu ilikuwa kwa maji moto."

Akalichopoa donge, akalishika juu ya beseni, likimtiririka kiganjani. Alilitazama, akanitazama, akatazama birika la maji moto ya kuoga kaka yake, pale mlangoni. Kwa mara ya kwanza mwaka huo sikumbembeleza.

"Mum, ongeza maji moto," akasema. "Kidogo tu. Haraka, inaisha!"

Nilimimina polepole, mbali na miguu yake, machozi yakinilenga. Mvuke ukapanda ukamfikia usoni. Hakurudi nyuma. Alikuwa ameinama, akilirudisha donge majini kwa mikono miwili.