Pai za Win Hext na Lango la Farasi Wanne

Hakujapambazuka vizuri kijijini Nether Quarley, na Winifred Hext tayari ana unga hadi kwenye viwiko. Anasukuma donge kwa mti wa kusukumia, analilaza juu ya bakuli la nyama ya nguruwe na vitunguu, kisha anabana kingo kwa vidole. Nje mvua ya Novemba inapiga mawe ya uani.

"Usisimame mlangoni, unaniingizia baridi," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kumtazama. "Keti. Chai imo kwenye birika. Maziwa jitilie mwenyewe, mkono unao."

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Martin, na pai hizi zina safari.

Win, mwenye umri wa miaka sitini na mbili, aliingia kufanya kazi katika nyumba ya wageni ya Farasi Wanne akiwa msichana. Anapika, anatandika vitanda na kupokea wageni. Analipwa pauni mia nne na hamsini kwa wiki, na chumba cha juu ya jiko anakaa bure.

"Sijatajirika," anasema. "Lakini hakuna aliyeingia humu akalala njaa, hata wale niliotamani walale."

Zamani gari la farasi la kwenda London lilibadilisha farasi hapa. Abiria walikuwa na nafasi ndogo ya kula, na nyumba nyingine njiani ziliwaletea supu ya moto isiyonyweka kabla gari halijaondoka, ili irudi sufuriani kwa ajili ya wa kesho. Farasi Wanne waliwapa pai, maana pai mtu anaondoka nayo mkononi. Reli ilipofika, nyumba nyingi zilikufa. Hii ikabaki, pamoja na lango lake la mawe ambalo magari yalipita kuingia uani.

Kuna mapatano ya kale kati ya kijiji na mwenye nyumba. Lango halizibwi maadamu kila sikukuu hii gari la farasi linapita chini yake, paa likiwa juu yake, na dereva anapewa pai na kikombe cha pombe ya tufaha bila kushuka. Mwaka lisipopita, mwenye nyumba yuko huru.

Mwenye nyumba wa sasa, Giles Pascoe, hafichi nia yake. Anataka kuziba lango kwa vioo apate ukumbi wa chakula. Vyumba vya wageni vya uani, vilivyokuwa mazizi, vitageuzwa stoo. Vikienda vyumba, kazi ya Win imekwenda, na kitanda chake nacho.

"Mimi si mtu mbaya," anasema Pascoe. "Mapaa yanavuja. Mwambie Win anitajie nani atalipa."

Kabla ya chakula cha mchana watu wamejaa barabarani. Reuben Chugg, mkulima wa miaka sabini, anakuja na gari lake jeusi na farasi wawili. Watu wanapiga makofi. Kisha ukingo wa paa unagusa jiwe, na makofi yanakatika.

Kiangazi barabara iliwekwa lami mpya juu ya ile ya zamani, hadi chini ya lango, na ardhi ikapanda. Ndiyo iliyowatilia kitumbua mchanga.

"Hukupima?" mtu anamuuliza Reuben.

"Limepita kila mwaka tangu nizaliwe. Nipime nini?"

"Ng'oa paa," mwingine anashauri.

"Likitoka paa, huo ni mkokoteni," anasema Pascoe kwa upole. Mapatano anayajua vizuri.

Win amesimama mlangoni na sahani ya Reuben. Ameogopa, na hajaribu kuficha.

Reuben anashuka kutazama lile jiwe. Anaposhuka, gari linainuka kidogo juu ya springi zake. Win analiona hilo.

"Rudi juu, Reuben," anasema. Halafu anawageukia wengine. "Haya, nani mzito hapa?"

Watu wanatazama viatu vyao.

"Msijifanye malaika. Nimewalisha mimi, najua kila kilichoingia."

Mwuza nyama anatangulia. Mkewe anamfuata huku akisema yeye ni mifupa mizito tu. Mle ndani mlimotengenezewa watu sita wanabanana kumi, magoti yakigombana. Gari linazama, linazama, linasimama. Bado paa linagusa, kwa unene wa ukoko wa pai.

Watu wote sasa wanamtazama Pascoe, ambaye ni mtu wa mwili.

"Usinitazame hivyo, Win."

"Sikutazami wewe. Natazama tumbo." Watu wanacheka, yeye hacheki. "Pai mbili kila asubuhi, Giles, tangu uinunue nyumba hii. Nilijua unataka kunitoa, na sikukunyima hata moja."

Maji ya mvua yanamtiririka Pascoe shingoni.

"Mvua inanyesha," anasema hatimaye. "Nitaingia kujikinga tu."

Anamkabidhi Win kofia yake na kujisukuma ndani. Mtu anapiga yowe la kukanyagwa. Reuben anatikisa hatamu, paa linakwaruza jiwe, na gari linaingia uani. Reuben anaila pai yake na kunywa kikombe chake palepale juu, bila kushuka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji ameponywa na waliokula kwake.

Jioni Win anaosha mabakuli. Anasema haombi makubwa. Imebaki miaka minne afikie pensheni, na angependa kuimaliza akiwa jikoni humu, chumba chake kikiwa juu yake.

Pascoe anaingia kuchukua kofia yake.

"Usinitegemee mwakani," anasema. "Daktari kaniambia nipunguze pai."

Win anatoa pai ya mwisho kwenye oveni, anaikata ili mvuke utoke, anaiweka mezani mbele ya Pascoe na uma pembeni.

Pascoe anaitazama kwa muda. Kisha anavuta kiti.