Redio ya Ng'ombe Wawili

Siku niliyoitwa mwizi mbele ya foleni nzima ya posta, aliyeniita alikuwa amebeba ng'ombe wawili kwapani.

Msicheke. Ni kweli kabisa.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wameshageuka boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na redio, na redio yenyewe ilikuwa inakoroma.

Nawaona humu mnavyolia. Mtu kaagiza simu mtandaoni, kaletewa kipande cha sabuni. Kalipa kwa kadi, akirudi benki anaambiwa ajaze fomu, asubiri. Poleni sana. Ila msidhani ni mambo ya leo.

Mimi Rozalia Kalinga, mstaafu, bibi wa watu, yalinikuta mwaka 1976. Tena mimi ndiye niliyekuwa upande wa ndani wa dirisha.

Nilikuwa karani wa vifurushi kwenye tawi moja dogo la posta, Mbeya. Sitalitaja.

Kazi ilikuwa hivi. Kifurushi cha kulipia dirishani kikija, mteja analipa kwanza, ndipo namkabidhi, ndipo anafungua. Kufungua kabla ya kulipa ni marufuku. Hela nikishaipokea naituma kwa mwenye duka, basi, nimemaliza.

Mtu akiniuliza habari za kilichomo, nilikuwa na jibu moja tu: "Hayo hayanihusu."

Sasa kulikuwa na duka la redio la Iringa, likijiita Sauti Tamu. Karatasi zake za matangazo zilizagaa mji mzima, zina picha ya redio kubwa ya bendi nne, mfuko wa ngozi, antena ndefu. Ukiiona tu mate yanakutoka.

Watu wanaagiza. Boksi linakuja. Mtu analipa, anafungua, anakuta kiredio cha bendi moja, plastiki tupu, ambacho kwetu kule mchana hakishiki kituo chochote. Kinakoroma tu.

Wakianza kupiga kelele nawaambia, "Jamani, nendeni hapo nje kwa mzee Selestini, awaandikie barua ya malalamiko."

Mzee Selestini alikuwa mwandishi wa barua. Alikuwa na meza yake barazani kwa posta, na tai kila siku ya Mungu. Wateja wetu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo yeye ndiye aliyewaandikia kila kitu: barua za uchumba, za kuomba kazi, za kuagizia bidhaa. Jibu likija, yeye ndiye aliyewasomea. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka vizuri, hata mimi niliyesoma nilikuwa namwonea wivu.

Basi siku hiyo ndiyo akaja Malimi.

Malimi alikuwa Msukuma, mfugaji, katoka mbali huko mbele ya Chimala, bondeni Usangu. Walikuwa wamehamia na mifugo yao kutoka Shinyanga. Akapita foleni yote bila kusema samahani, akaweka boksi kwenye dirisha langu.

"Wewe mayu. Redio yangu umeiweka wapi?" akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Redio ipi, baba?"

"Ile ya kwenye picha. Hii siyo. Hii inakoroma."

"Hayo hayanihusu. Lalamika kwa mwenye duka."

"Nimelalamika. Amejibu. Mzee Selestini amenisomea jana." Akanitupia karatasi iliyopigwa taipu. "Anasema yeye ametuma kubwa. Anasema niulize karani wa dirishani."

Foleni nzima ikanigeukia.

"Mama yangu alikufa Shinyanga," akasema. "Wakatangaza kwenye redio siku tatu. Mimi sina redio. Nikajua baada ya miezi miwili! Nikauza ng'ombe wangu wawili, nikasema sipitwi tena na msiba wa kwetu. Na wewe umebadilisha. Mwizi!"

Mama mmoja nyuma yake akadakia, "Hata ya mume wangu ilikuwa hivyohivyo!"

Nusu saa baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya bosi wangu, Bwana Isakwisa.

"Rozalia, huyu ni wa tatu mwezi huu anayekutaja wewe."

"Bosi, mimi vifurushi sifungui!"

"Nakupa wiki moja. Uniletee maelezo ya hilo duka kwa maandishi. Usipoleta, kazi huna, na polisi nawaita."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mshahara wangu ndio uliokuwa unamlisha mama na wadogo zangu wanne. Nilitoka pale, nikaenda kukaa barazani nikalia bila hata kujificha.

Aliyekuja kunibembeleza ni mzee Selestini.

"Pole, mwanangu. Hao watu wa Iringa hawana utu. Ngoja nikuandikie barua niwabane. Sitaki hata senti yako."

Akaandika. Aliponisomea nikalia upya kwa jinsi maneno yalivyopangika. Alisema mimi ni binti mwaminifu, yatima wa baba, na atakayenichafua Mungu anamwona. Nikainunulia stempu, nikaituma kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne nikasema, potelea mbali, naenda mwenyewe. Mimi nimezaliwa Mlandege, Iringa, na zile karatasi za matangazo zilisema duka liko Mlandege. Litanishinda kulipata?

Alfajiri niko stendi, nani namkuta? Malimi. Kumbe siku zote hizo alikuwa hajarudi kwao, ananilinda nisitoroke.

"Unakimbia?"

"Naenda Iringa kutafuta duka."

"Twende wote."

Jamani, ile safari! Alikaa siti ya pembeni yangu, kaziba njia kwa magoti, na lile boksi kalipakata. Chimala basi liliposimama watu wanunue wali, hakuniruhusu kushuka. Njaa inaniuma, hasira inaniuma zaidi. Bibi mmoja siti ya mbele akatugeukia, akacheka, "Bwana harusi, mpe mwenzio ale!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukafika jioni. Tukalala kwa dada yangu Esta, mimi ndani, Malimi kwenye kochi lililosogezwa mlangoni. Alilisogeza mwenyewe.

Asubuhi nikamuuliza Esta, "Duka la Sauti Tamu liko wapi?"

"Duka gani hilo? Mlandege hii hakuna duka la redio."

"Basi kuna mtu anapeleka maboksi posta?"

"Aa, huyo ni Tekla. Kila Jumatatu anabebewa kwa baiskeli. Nyumba ya tatu, yenye mlango wa bluu."

Tukaenda. Akafungua mwanamke mnene, mkunjufu, mikono ina unga.

"Kamwene," nikamsalimu Kihehe.

"Kamwene, dada. Karibuni ndani."

"Naitwa Rozalia. Natoka posta ya Mbeya."

Uso wake ukachanua. "Posta ya Mbeya! Kumbe mwenzake mume wangu! Kaeni, kaeni, niwape chai."

Nikajiuliza mume gani, lakini kabla sijafungua mdomo Malimi akanishika mkono kwa nguvu. Juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, kulikuwa na redio ya bendi nne, mfuko wa ngozi, antena ndefu. Inaimba kwaya, safi kabisa.

"Ile pale," akasema. "Ile ya picha."

Kwenye kona kulikuwa na maboksi yamepangwa mpaka karibu na dari. Kila boksi kiredio cha plastiki.

"Duka ni la mume wangu," Tekla akaeleza huku anamimina chai. "Ananitumia orodha ya majina, mimi kazi yangu ni kufunga na kupeleka."

"Na mbona picha ni kubwa, na mnachotuma ni kidogo?"

"Hata mimi nilimuuliza. Alisema picha ni ya kuvutia wateja, biashara zote ndivyo zilivyo."

"Na barua za malalamiko hazijawahi kukufikia?"

"Zinafika, tena nyingi!"

Akainama, akavuta katoni kutoka chini ya kitanda. Barua zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi. Nikachukua fungu la juu. Nikageuza ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Ya juu kabisa ilikuwa yangu, na stempu yangu.

"Dada Tekla, kwa nini hamzifungui?"

"Za nini kufungua? Mume wangu kaniambia nisijisumbue, kilichomo anakijua. Si ndiye anayeziandika?"

Chai ikanipalia.

Mwandiko ule ulionyooka, wa mzee Selestini. Bahasha baada ya bahasha. Yeye ndiye anayewaandikia maagizo, yeye ndiye mwenye duka, yeye ndiye anayewatoza tena shilingi mbili kuwaandikia malalamiko, kisha anajijibu mwenyewe na kuwasomea majibu!

Malimi hakujua kusoma, akawa ananitazama usoni. "Mayu, zinasema nini?"

Nikamweleza polepole, kwa sauti ya chini. Sikutaka kumwaibisha yule mama, naye alionekana hajui kitu.

Malimi akalishika boksi lake magotini.

"Alinishika bega," akasema. "Wakati ananisomea ile barua inayosema wewe ni mwizi, alinishika bega, akaniambia pole."

Nilimwomba Tekla aniazime ile katoni ya barua nimpelekee mume wake. Akanipa kwa furaha. "Msalimie sana. Mwambie sukari imekwisha."

Safari ya kurudi, Malimi aliniachia siti ya dirishani na kuninunulia wali sahani mbili. Tulipokaribia Mbeya akasema, bila kunitazama, "Nisamehe, mayu. Nilikutukana mbele za watu." Nikamwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, lakini nilikuwa nimeshiba.

Tukanyoosha moja kwa moja polisi. Askari wa zamu akatusikiliza vizuri, ingawa jina la mwenye duka tulikuwa hatujalitaja, anatikisa kichwa, anapekua zile barua.

"Hii kesi imekamilika," akasema. "Kilichobaki ni maelezo yenu, yaandikwe kwa mpangilio, siyo mkaniandikia vurugu. Nendeni pale posta barazani, yuko mzee mmoja wa tai, Selestini, ana mwandiko mzuri sana. Hata sisi barua zetu za likizo anatuandikia yeye."

Nikamtazama Malimi. Malimi akanitazama.

Nikacheka mpaka machozi yakatoka, kisha nikagundua kwamba ni kilio. Siku sita sijalala vizuri, kazi inaning'inia, halafu serikali inanirudisha barazani kwa mzee Selestini!

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Nikaandika mwenyewe. Kurasa nne, kufutafuta kila mstari, wino umenichafua mpaka kwenye kiwiko. Malimi akaweka dole gumba chini. Askari akasoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye jina akarudia kulisoma, akachukua kofia yake.

Tulimkuta mezani kwake, tai shingoni, anaandika. Mbele yake alikuwa amekaa mama mmoja wa Mbalizi, Mama Atuganile, kapakata boksi la Sauti Tamu. Askari alipomshika Selestini mkono, yule mama akaruka, akamng'ang'ania mzee kwa shati, anapiga kelele, "Mwacheni kwanza! Mwacheni amalize! Bado hajaniandikia anwani!"

Selestini alifungwa miaka mitatu. Malimi hakurudishiwa hata ukwato wa ng'ombe. Ile redio ya picha ilichukuliwa kuwa kidhibiti, na nilisikia askari waliisikilizia mpira mpaka betri zikaisha. Mimi Bwana Isakwisa alinirudisha dirishani Jumatano. Samahani hakuniomba, alisema tu, "Foleni ni ndefu, anza kazi."

Lakini ninyi mnaonisoma, kinachoniuma mpaka leo siyo kuitwa mwizi. Kinachoniuma ni kwamba wale watu wote waliokwenda mezani kwa Selestini na shida zao, mimi ndiye niliyewaelekeza.

Kwa hiyo ukitapeliwa, usikimbilie wa kwanza anayekupa pole na kusema atakusaidia kudai. Muulize malalamiko yako anayapeleka kwa nani, na nani atayasoma. Asipokuwa na jibu, andika barua mwenyewe, hata kwa mwandiko mbaya, uipeleke kwa miguu yako, na usiondoke mpaka uone mtu anafungua bahasha.